Sola Haianikwi

Mama yangu aligeuza paneli ya sola kifudifudi. Naanzia hapo kwa sababu watu huniuliza kwa nini habari za sola zikitajwa napandisha sauti, na sioni haja ya kuzunguka. Nilimkuta saa saba mchana, jua la Agosti liko utosini, paneli imelala juu ya turubai katikati ya uwanja, kioo kimetazama chini, mgongo mweupe umetazama juu. Nikamuuliza, mama, hii ni nini? Alikuwa anachagua mchele kwenye ungo na hakunyanyua uso.

"Upande ule umeshapata," akasema. "Na huu nao upate."

Mimi ni mwalimu wa fizikia. Nafundisha sekondari huku Gungu, na watoto wa watu wananielewa, wengine mpaka wanafaulu. Niliweka mkoba wangu chini pale uwanjani, nikaigeuza paneli kioo juu.

Sasa, lazima mjue alikotoka. Mama ameanika dagaa kule Katonga, ufukweni mwa ziwa, miaka zaidi ya thelathini. Alitusomesha kwa dagaa, alituvisha kwa dagaa. Kuanika kwake ni kazi yenye taratibu: unatandaza asubuhi jua likiwa bado changa, unageuza mchana upande wa pili ukauke, unakaa karibu kwa sababu ya kunguru, na ukiona wingu limenyanyuka upande wa Kongo unaanua haraka, maana dagaa wakinyeshewa mara moja tu wanaoza na kazi yote imekwenda na maji. Ameacha biashara hiyo tangu macho na miguu vianze kumsumbua, lakini mikono yake haijaacha. Nilipompelekea kitu kinachotaka jua, mikono ikajua la kufanya bila kumuuliza mtu.

Na kile kitu nilimpelekea kwa sababu. Mama ana sukari. Miaka miwili sasa anachoma insulini, asubuhi na jioni, na dawa yenyewe inatakiwa ikae kwenye baridi. Nyumba yake iko juu ya mteremko nyuma ya Katonga, mahali ambapo nguzo za umeme zilikaribia, zikatuangalia, zikaishia hapohapo. Dawa zikawa zinatunzwa chini karibu na mwalo, pale mitumbwi ya dagaa inapofikia, kwa jirani mmoja mwenye duka na friji la soda. Kila asubuhi mama anashuka, kila jioni anashuka tena, na kurudi ni kupanda juu ya mawe. Mwaka huu kikamtoka kidonda chini ya dole gumba la mguu wa kulia. Muuguzi wa kliniki akatuambia wazi, mbele yake, kwamba kidonda kile kikiendelea kukanyagiwa hivyo hakitapona, na kisipopona tutaanza kuzungumzia kukata kidole, kisha mguu. Mama akasema "sawa, mwanangu," kama vile ameambiwa bei ya nyanya.

Mimi sikulala na hilo. Nikaona jibu liko wazi: dawa ipande mlimani, mama asishuke. Ikipanda dawa lazima lipande friji, na friji likipanda lazima upande umeme. Nikanunua paneli, betri, kontrola na friji dogo, lile linalokula umeme wa betri moja kwa moja. Fundi wa hapa Gungu akaja na vitu vyote kwa bodaboda mbili, yeye mwenyewe kaikumbatia paneli kama bibi harusi.

Fundi naye ni sehemu ya ugonjwa wangu. Alipanda juu ya bati, akabonyeza hapa na pale, akashuka akisema mbao za paa zimeliwa na mchwa, paneli haiwezi kufungwa mpaka ziwekwe mbao mpya mbili tatu. Akaiegesha uwanjani juu ya tofali, akavuta waya kupitia dirishani.

"Hapa iko kwa muda tu," akasema. "Jumanne nakuja na mbao."

Hakusema Jumanne ipi. Na laiti ningejua mama yangu na paneli inayoweza kubebwa wataishije pamoja, ningelala mlangoni kwa fundi huyo mpaka anipe mbao.

Siku ile ya kwanza nilimweleza mama kila kitu, kwa utulivu kabisa, utulivu ambao sijaurudia tena. Nikamwambia paneli inapokea mwanga na kuugeuza umeme. Betri ni kama pipa, inatunza ule umeme ili usiku friji lisizime. Paneli ndiyo bomba linalojaza pipa. Na kile kiboksi ukutani chenye taa tatu, kontrola, ni kama mtu aliyesimamishwa pale kwenye pipa: likijaa anafunga bomba, likikaribia kuisha anazuia watu wasichote mpaka mwisho, maana betri ikikaushwa kabisa inakufa. Taa ya kijani pipa limejaa, ya njano liko nusu, nyekundu amefunga, hakuna kuchota.

"Na huyo mtu anakula nini?" akauliza.

"Kidogo sana, mama. Anakula umeme kidogo."

"Nilijua tu. Hakuna wa bure."

Nikacheka, nikadhani tumeelewana. Wiki ile ile nampigia simu mchana, ananiambia, "Nimeshaanua." Umeanua nini? "Sola yako. Imeshaiva." Saa sita ya mchana, jamani, saa ambayo ndiyo kwanza bomba linatiririka kisawasawa, yeye kaingiza paneli ndani kaiegemeza nyuma ya mlango. Alikuwa anaipima kwa mgongo wa kiganja. Ikiwa ya moto sana, basi imekauka vya kutosha, kuiacha zaidi ni kuiunguza.

Nikamweleza kwamba shida yetu ni mwanga. Joto halina kazi hapo, na tena paneli ikipata moto kupita kiasi umeme wake unapungua. Hapo lugha ikanigeuka. Kwetu jua ni jua, liwe lile la mbinguni au lile linalokuchoma kisogoni, na hata kwa Kiha cha mama izuba ni hilohilo moja. Kumtenganishia mwanga na joto ilikuwa kama kumwambia achambue uji atoe maji.

"Kwa hiyo inataka jua, ila haitaki joto," akasema.

"Hapo sawa."

"Kama wewe. Unataka kuolewa, ila hutaki mume."

Hayo ndiyo mazungumzo ya kisayansi niliyokuwa nayo na mama yangu. Nikajiuma ulimi. Nikamwomba aiache tu pale ilipo, asubuhi mpaka jioni, asiiguse. Akasema sawa. Wenye mama zao wanaijua sawa hiyo. Jumamosi iliyofuata ndipo nikaikuta imelala kifudifudi.

Kisha yakaja mawingu. Kuanzia Septemba mawingu yanaanza kujikusanya juu ya milima ya ng'ambo, mengi hayaleti mvua, yanapita tu. Kwa mama kila wingu lilikuwa na lake jambo. Likinyanyuka tu, yeye keshachechemea uwanjani, keshachomoa waya, kashika paneli kwapani. Nikamwambia hata kukiwa na mawingu mwanga unapita, pipa linajazwa pole pole. Nikamwambia ile ni kioo, imezibwa pande zote, imetengenezwa inyeshewe. Nilichota maji kwenye ndoo nikaimwagia mbele yake. Akaruka akanipokonya ndoo, akaifuta paneli kwa ncha ya kanga yake akinitazama mimi kama mwanaharamu.

Matokeo yake mnayajua. Pipa halijazwi, taa nyekundu, kontrola inazima friji, na mama anachukua dawa zake kwenye kikapu anashuka nazo chini kwa jirani, kwenye friji la soda. Mguu ule ule, mawe yale yale. Nikija Jumamosi nafungua bandeji nakuta kidonda kimechimbika zaidi, na friji langu pembeni limegeuka kabati la vitunguu.

Ndipo nikaanza kufoka. Sijivunii. Nilikuwa nafundisha vipindi thelathini kwa wiki, napanda bodaboda mpaka mwisho wa barabara, napanda mlima kwa miguu, nafika nakuta kwa kila nilichosema ametia pamba masikioni. Siku moja nilimwambia, "Mama, unataka wakukate mguu? Sema tu, kama unataka nijue." Alikuwa anakunja nguo. Aliendelea kukunja, akamaliza, akasema atajitahidi. Tangu siku hiyo utani ukapungua. Nikiuliza jambo, ananijibu kwa neno moja au mawili, lile ambalo ameona litanituliza. Mimi nilifurahi, nikadhani sasa ananisikiliza.

Fundi alikuja mwishoni mwa Septemba, Jumapili moja niliyokuwa nimelala kwa mama, bila taarifa, na mbao zake begani kana kwamba ile Jumanne ilikuwa jana. Sikumsema. Nilimpikia. Akabadilisha mbao, akaifunga paneli juu ya bati kwa vyuma na nati, imetazama kaskazini, imeinama kidogo ili mvua iisafishe yenyewe. Akagundua mchikichi wa jirani wa nyuma unatupa kivuli saa tisa, kivuli cha kuti moja tu, lakini akasema kuti moja likikatiza kioo paneli nzima inazubaa. Tukaomba ruhusa tukapogoa makuti mawili. Kabla ya saa kumi taa ilikuwa ya kijani, na friji linanguruma. Nilimshika mama mkono nikamwonesha juu.

"Umeona? Hakuna kuanika, hakuna kuanua. Inabaki huko huko. Na wewe unabaki hapa. Sitaki kusikia tena umekanyaga huko chini. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

Nikashuka mwenyewe kwenda kuchukua dawa. Yule jirani ni mwanamke mtu mzima, rika la mama, anaongea taratibu. Nikamwamkia shikamoo, nikamshukuru kwa miaka miwili ya kututunzia dawa, nikamwambia sasa tumemaliza kumsumbua. Alitoa chupa ndogo za insulini kutoka kati ya soda, akanipangia kwenye chupa ya chai yenye maji ya baridi.

"Kwa hiyo mwalimu, mmeshajipanga vizuri? Asubuhi na jioni?"

"Tumejipanga, mama. Asubuhi, jioni, na usiku kucha."

Nilikuwa nazungumzia betri. Akasema Mungu awabariki, akanipa soda bure.

Wiki mbili zilizofuata zilikuwa za mitihani, Jumamosi zote nikasimamia. Nilipiga simu kila siku asubuhi kabla ya kuingia darasani. Taa rangi gani? Kijani. Friji? Baridi. Umeshuka? Sijashuka. Mguu? Upo. Nilikuwa nakata simu nikiwa na furaha ya mtu aliyeshinda kesi. Nilimsimulia kila mwalimu ofisini. Nilichora mfumo mzima ubaoni kwa kidato cha tatu, paneli, kontrola, betri, friji, nikawaambia umo nyumbani kwa mama yangu na unafanya kazi kwa asilimia mia. Sauti ya mama ilikuwa imepoa kidogo, nikaiona ni ya mtu anayepumzika.

Jumamosi ya tatu nilipanda. Hakuwa uwanjani. Nilimkuta kitandani mchana kweupe, midomo imekauka, jagi la maji tupu sakafuni na lingine tupu pembeni yake. Macho yalinitambua baada ya muda. Chumba kilikuwa na harufu, na harufu ilitoka kwenye bandeji. Ukutani taa ilikuwa ya kijani. Nikaenda kwenye friji, nikafungua, baridi ikanipiga usoni, kila kitu safi, kila kitu mahali pake. Nikachukua ile chupa ya insulini iliyokuwa imefunguliwa. Siku niliyoipandisha ilikuwa nusu. Sasa pia ilikuwa nusu. Nikahesabu mabomba ya sindano kwenye pakiti. Lilikuwa limepungua moja.

"Mama, hujachoma?"

Nikamwonesha ile pakiti.

"Mama, wiki karibu tatu hujachoma dawa? Friji linafanya kazi, dawa ipo, ni mkono tu kunyoosha, kwa nini hujachoma?" Na nakiri, hata pale, na hali ile, nilikuwa nimeshaanza kupandisha sauti. Nilikuwa nimechoka naye mpaka kwenye mifupa.

"Nilijaribu siku ya kwanza," akasema. "Ile mistari siioni."

Mistari ya kwenye bomba la sindano. Ile midogo kama nyayo za sisimizi, inayosema uvute mpaka wapi. Taa ya kontrola anaiona, wingu la Kongo analiona, mistari ile haioni, wala hajawahi kuiona. Kwa miaka miwili hakuna siku aliyojichoma. Jirani ndiye aliyekuwa akimchoma. Siku ile kliniki wanafundisha namna ya kuvuta dawa, mimi nilikuwa na vipindi, akaenda naye jirani, na jirani ndiye aliyeonyeshwa. Mteremko ule hakuushuka kwa ajili ya friji. Friji lilikuwa huko tu kwa sababu mkono ulikuwa huko. Kila mara sola yangu ilipokufa, alishuka, akachomwa, akapanda. Ilipopona ndipo akakosa dawa.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Nilimuuliza taratibu, lakini taratibu ilikuwa imechelewa.

"Ulisema nisishuke."

"Ungeniambia kwenye simu, mama. Kila siku nilikupigia."

"Uliuliza taa." Akapumzika, akameza mate ambayo hakuwa nayo. "Halafu ulikuwa umefurahi. Nikasema nikilileta hili nalo, utakasirika tena. Nikasema nisubiri kwanza, labda macho yatafunguka."

Nimejaribu mara nyingi kulitafutia sentensi jambo hilo, na kila nikifika naishia kumlaumu fundi, au kliniki, au mistari. Bodaboda hawezi kupanda mpaka mlangoni. Nilimbeba mama mgongoni kushuka ule mteremko, yeye aliyenibeba mimi kwenda kuanika, na alikuwa mwepesi kuliko ile betri. Jirani alituona tunapita, akatoka dukani mikono kichwani.

"Mwalimu," akasema, "si ulisema mmejipanga?"

Hospitali walimpokea haraka, wakamtundikia maji, wakampima kila saa. Siku ya tatu alianza kuongea vizuri na kulalamikia chai. Kidole kilikatwa siku ya tano. Daktari alisema mguu wataupigania, na alisema hivyo akinitazama usoni, nikashukuru kwamba hakuzunguka. Mama aliuliza tu kama kidole kinazikwa au wanakitupa.

Siku ya kuruhusiwa alikuja muuguzi kijana, binti mwepesi wa mikono, na faili lake. Akauliza maswali yake kwa mpangilio: anakula nini, anaishi na nani, dawa inatunzwa wapi. Nikajibu dawa inatunzwa kwenye friji, friji la sola, paneli iko juu ya paa, na nilitaka kuendelea.

"Na nani anamchoma nyumbani?" akauliza.

Nikafungua mdomo. Mama akanitangulia.

"Huyu hapa," akasema, akanigusa goti. "Mwanangu ndiye ananichoma. Asubuhi na jioni. Hajawahi kukosa."

Muuguzi akanitazama kwa heshima, akaandika. Halafu akachukua bomba jipya na chupa, akanipa. Ilikuwa saa ya dawa.

"Vizuri. Basi mchome nione, turuhusu."

Nikavipokea. Najua jinsi chembe ya mwanga inavyogonga kioo ikasukuma umeme kwenye waya. Najua betri inajazwa kwa kiasi gani na inakatwa ikibakiza ngapi. Nililigeuza lile bomba dirishani, mistari ikanichezea, sikujua pa kuanzia, wala sikujua mama yangu anachomwa kiasi gani. Mama akainama kama anayetaka kujifunika kanga miguuni, mdomo wake ukanifika sikioni.

"Kumi na sita," akaninong'oneza. "Jirani huwa anahesabu kwa sauti."

Nikaanza kuhesabu.